Mtu wa Pangoni na Vidonge Vyake

Mimi sifichi: mdomo wangu hauna breki. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Stojanka, wewe ukifa mwili tutauzika leo, mdomo tutauzika kesho." Kwa hiyo nikiwaambia kwamba jirani yangu Vitomir alikuwa mjinga, msidhani namsengenya. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, juu ya uzio, na si mara moja.

Vitomir anapima magogo kwenye kiwanda cha mbao, huku kwetu milimani, juu ya mji wa Ivanjica. Jitu kubwa, sauti ndogo. Mkewe Nadežda alikuwa shoga yangu. Alipofariki, nyumba ile ilipoa kabisa. Redio ikanyamaza, mapazia yakakaa bila kufuliwa, na Vitomir akawa anakula chochote alichokikuta: mkate na soseji, kesho yake soseji na mkate. Akanenepa, sukari ikapanda, akipanda ngazi za baraza unamsikia anavyohema mpaka kwangu. Mtoto wanaye mmoja tu, Ognjen, naye yuko Norwe, kwenye mambo ya kompyuta.

Kiangazi kimoja Ognjen akaja kwa kumbukumbu ya mama yake. Loo, kijana amekonda! Mashavu yameingia ndani, mikono yote misuli. Nikaweka mezani mkate niliouoka mwenyewe, jibini, na maharage ya chungu. Akaisukuma sahani taratibu.

"Mama Stojanka, usinichukie. Mimi vitu hivi sili siku hizi."

"Huli nini?"

"Mkate, maharage, maziwa, jibini, sukari. Nakula kama watu wa mapangoni, kabla binadamu hajajua kulima. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, kokwa za jozi. Basi."

"Na hao watu wa mapangoni walikufa na miaka mingapi?"

Ognjen akacheka. Baba yake hakucheka. Alikuwa amemkodolea macho kijana, anasikiliza kila neno. Nikaelewa kwa nini. Tangu mazishi wale wawili hawakuwa na la kuambiana, wakikaa pamoja unasikia saa ya ukutani tu. Sasa wamepata jambo. Walikaa barazani mchana kutwa wakizungumza habari za maini na mayai, na mimi nilifurahi kwa ajili ya Nadežda, sitakataa.

Kabla ya kuondoka, kijana akaisafisha stoo: unga nikapewa mimi, maharage nikapewa mimi, sukari nikapewa mimi. Halafu akaagiza kwenye duka moja la Belgrade boksi la vidonge, liwe linaletwa kila mwezi. Kwa sababu, akasema, ukiacha maziwa inabidi upate kalsiamu kwa njia nyingine. Ukiacha chumvi ya dukani ukatumia ile ya mawe, unakosa madini joto. Huku kwetu baridi ikiingia jua halionekani, kwa hiyo vitamini D. Magnesiamu ya kuzuia miguu isikakamae. Zinki sijui ya nini. Na madini chuma, ya damu.

"Kumbe mapangoni kulikuwa na duka la dawa?" nikamuuliza Vitomir kijana alipokwisha kwenda.

"Udongo wa siku hizi umechoka, jirani. Mboga hazina kitu. Ognjen amesema."

"Udongo umechoka! Viazi vyangu havijalalamika."

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" akanijibu kwa ile sauti yake ndogo, akaingia ndani kuchemsha mayai.

Boksi nalipokea mimi, maana mwenyewe yuko kazini. Mtu wa gari jeupe anapiga honi, naweka sahihi, jioni Vitomir anakuja kulichukua. Anafuta miguu mlangoni, analipokea kwa mikono miwili. Mara nyingine hasubiri kufika kwake. Analifungua palepale jikoni kwangu, anatoa vichupa kimoja kimoja na kuvipanga mezani. "Angalia," ananiambia, "ya vitamini D ameongeza, maana baridi inakuja. Mtoto yuko mbali kule, anawaza mifupa yangu." Jumapili Ognjen anampigia kwa picha, na yeye anamtolea taarifa kama mwanajeshi: uzito umeshuka, sukari imeshuka, kalsiamu nakula asubuhi, magnesiamu jioni. "Safi, baba," anajibiwa. "Safi sana."

Na haki niiseme, sukari ilishuka kweli. Ngazi akawa anapanda bila kuhema. Lakini daktari wa kituo cha afya, mama mmoja mpole, alipoona orodha ya vidonge alimwambia, "Baba, kwa nyama hiyo yote unayokula, hiki cha madini chuma acha, kitakudhuru. Na ukinywa kikombe cha maziwa mgando hutahitaji na hiki cha kalsiamu." Vitomir akamjibu kwamba mwanawe ndiye aliyevipanga. Daktari akamuuliza mwanawe ni daktari? "Hapana," akasema, "lakini ndiye aliyevipanga." Akaendelea kuvimeza vyote. Haya alinisimulia mwenyewe, tena kwa kujivuna, na nikamwita mjinga, kama nilivyosema.

Sasa kazini pale kiwandani, mchana watu wanakula maharage kutoka sufuria moja na kumegeana mkate. Yeye na kibakuli chake cha nyama baridi. Mwanzoni walimtania, "Mtu wa pangoni, leo umeua nini?" Baadaye wakachoka kumtania, na hapo ndipo mtu ajue amekwisha. Akawa anakula peke yake juu ya magogo. Dukani kwa Miloje, ambako wanaume wote wa mtaa hukaa nje Jumapili, rakia, pombe yetu kali ya matunda, hanywi, bia hanywi, kahawa anakunywa bila sukari akiwa amesimama. Mtu asiyekula kwako wala asiyekunywa kwako, utampa nini akae?

Hayo yote yangepita. Lililompoteza ni slava.

Kwetu kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake ndiyo slava ya nyumba, baba anamrithisha mwana. Ya kina Vitomir ni Mtakatifu Luka, mwisho wa Oktoba. Mkate wa mtakatifu unakatwa kanisani, mshumaa unawaka mchana kutwa, ngano iliyochemshwa na kupondwa na jozi na sukari inakaa mlangoni, na kila anayeingia anaonja kijiko kwa ajili ya marehemu wa nyumba hiyo. Kwenye slava hakuna kualikana. Anayejua njia anakuja, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenye nyumba akisema mara moja tu kwamba hapokei, labda amefiwa, labda anaumwa, basi mlango umefungwa, na haufunguki mwaka unaofuata wala ule mwingine mpaka aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anapokea tena. Kwenda bila hivyo ni kumvunjia mtu heshima.

Vuli ile ile, mwaka wa kwanza wa vidonge, Vitomir akasimama dukani kwa Miloje akasema, "Mwaka huu sipokei."

Miloje akauliza, "Umefiwa?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana. Mambo ya chakula tu. Ngano, mkate, keki, vyote hivyo sivitumii. Ognjen amesema nisikae navyo nyumbani, nitashawishika."

"Ehee!" Miloje akapiga paja. "Mtakatifu Luka mwenyewe alikuwa mganga, leo kapata mgonjwa anayemkimbia!"

Walicheka, na Vitomir naye akatabasamu, akadhani yamekwisha. Hayakuisha. Mtu anayefunga slava yake kwa sababu ya tumbo, huku kwetu, ni afadhali angeiba ng'ombe.

Mimi nilikuwa bado namtetea. Mpaka Desemba, slava yangu, Mtakatifu Nikola. Akaja, amevaa koti zuri, akajifanyia ishara ya msalaba mbele ya mshumaa. Nikamnyooshea bakuli la ngano. Akashika kijiko, akasema, "Mungu awarehemu," akakitumbukiza kitupu kwenye glasi ya maji ya vijiko vilivyokwisha tumika.

"Hata punje moja, Vitomir?"

"Ni ngano, jirani. Ognjen..."

"Ognjen hanihusu! Hiyo ni ngano ya mume wangu. Mume wangu aliyekuchimbia kisima! Aliyembeba Nadežda begani mwake kwenda kumzika! Punje moja ingekuua?"

Akasimama palepale na kofia mkononi, wageni wote wanatazama. Akatoka bila kukaa. Nikamnunia. Boksi niliendelea kulipokea, lakini nilikuwa namwachia juu ya uzio, na jikoni kwangu hakukanyaga tena. Nilikuwa na haki ya kununa na bado nasema nilikuwa nayo.

Kwa hiyo mwaka mzima mtu yule hakuwa na mlango wa kubisha. Nilimwona asubuhi akipanga vidonge dirishani, vyeupe, vya njano, vile vikubwa vya kukwama kooni, anavimeza kimoja kimoja akiwa amesimama. Nilimwona jioni. Simu za Jumapili nazo zikapungua. Nikiwa bustanini nilikuwa namsikia, madirisha wazi, anasema, "Haya, haya, mwanangu, najua una kazi," kabla kahawa yangu haijapoa. Jumapili nyingine simu haikulia kabisa. Lakini boksi halikukosa, na siku ya boksi alitembea mtaani kifua mbele.

Kiangazi Ognjen hakuja. Alisema atajitahidi kuja kwa Mtakatifu Luka. Habari hiyo niliipata dukani, maana Vitomir alimwambia Miloje, na Miloje alimwambia kila mtu. Lakini kwamba anapokea wageni, hilo hakusema. Nadhani aliona ni jambo lililo wazi, au aliona haya, aanze kuomba watu waje? Slava haialikwi. Na sisi tulimngoja aseme. Mimi nilikuwa nimenuna, Miloje alikuwa anangoja, kila mtu alikuwa na haki yake mkononi ameishika.

Siku yenyewe iliangukia Jumapili. Asubuhi nikamwona anarudi kutoka kanisani na mkate umefunikwa kitambaa, chupa ya divai kwapani. Kumbe amefungua! Moshi wa nyama ya kuchoma ukajaa bonde zima. Mapazia, nikatazama vizuri, yamefuliwa. Saa za wageni zikafika, zikapita. Mshumaa nauona dirishani unawaka. Lango limefunguliwa pande zote mbili, limeegemezwa mawe, na hakuna mtu. Kila gari likipita barabarani Vitomir anatoka barazani, anatazama, anarudi ndani.

Mimi jikoni kwangu nazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikienda, sikualikwa na slava ilifungwa. Nisipoenda... Mwishowe nikachukua ungo wake niliokuwa nimeazima enzi za Nadežda. Kurudisha ungo si ugeni.

"Nimeleta ungo wenu," nikasema mlangoni.

"Asante, jirani." Alikuwa amevaa suti. Mwenye slava huwa hakai, anasimama siku nzima kuhudumia wageni, na yeye alikuwa amesimama, peke yake, mbele ya meza ndefu yenye sahani pande zote. Upande mmoja nyama na mboga, bila chembe ya unga. "Huku ni kwa Ognjen," akanieleza. "Na huku kwa watu."

"Amefika wapi?"

"Bado hajasema. Labda ndege imechelewa."

Nikiwa bado nimeshika ungo, simu ikalia. Aliirukia. Akaiegemeza kwenye chupa ya divai, na sura ya Ognjen ikatokea, jikoni kwake huko Norwe, mashavu yamerudi, amenawiri.

"Slava njema, baba! Samahani, baba, nimeshindwa. Kazi imenibana, na tiketi zilikuwa balaa. Krismasi, au kiangazi. Umenikasirikia?"

"Hapana, mwanangu. Kazi ni kazi." Sauti ilizidi kuwa ndogo. "Unatafuna nini?"

"Mkate na jibini. Sijala tangu asubuhi."

"Mkate?"

"Aa, baba, yale mambo niliacha zamani. Kama mwaka na zaidi. Mwanamke ninayeishi naye anaoka mwenyewe, ungeweza kukataa wewe? Usiniambie bado unakula mayai na majani!"

Vitomir akaangalia sahani za upande wa Ognjen. "Kidogo kidogo," akasema. "Na vidonge natumia, vile unavyonitumia."

"Vidonge gani?"

"Vya kila mwezi. Kalsiamu, magnesiamu. Vya vitamini D uliongeza kwa ajili ya baridi."

Ognjen akaacha kutafuna. "Mungu wangu, bado vinakuja? Baba, ile niliweka ijitume yenyewe! Duka linakata kwenye kadi lenyewe, hata kuongeza huwa wanaongeza wao, nimesahau kabisa." Akacheka, si kwa ubaya, kijana si mbaya. "Nitaifuta leo leo."

"Havinisumbui. Acha tu."

"Hapana, baba, ya nini ujimezee madawa? Ni dakika moja."

"Ognjen, nimesema havinisumbui."

"Usijali, baba, nafuta sasa hivi. Haya, wageni watakuwa wanakungoja, sikucheleweshi. Wasalimie wote!"

Sura ikapotea. Vitomir akaichukua simu, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mfukoni. Mimi Stojanka, mwenye mdomo usio na breki, nilikuwa nimeshika ungo na sina neno. Nilitamani Nadežda awepo amzabe kofi yule kijana, kisha ambusu.

Halafu Vitomir akaenda kwenye bakuli la ngano. Akateka kijiko, kimejaa, akala. Akatafuna polepole sana, mtu aliyekaa muda wote huo bila sukari, machozi yanamtoka na hayafuti. "Mungu amrehemu Nadežda," akasema. Akateka kingine. "Na mumeo."

Hapo kununa kuliniisha. Nikautupa ungo kwenye kiti, nikatoka mbio, mimi na magoti yangu haya, mpaka dukani. Miloje na wenzake wamekaa nje, mikono mifukoni.

"Mmekaa hapa kama magogo! Kwa Vitomir mshumaa unawaka na nyama inapoa!"

"Si alifunga?" akasema Miloje.

"Amefungua."

"Amesema nani?"

"Nimesema mimi."

"Wewe si mwenye nyumba, dada Stojanka."

"Ile nyumba ina nani mwingine wa kumsemea? Wewe umekaa unangoja haki yako, unataka aje akupigie magoti? Inuka, nisije nikasema mbele ya mkeo yale ninayoyajua!"

Wakaja. Kwanza Miloje na mkewe, kisha wale wa kiwandani, wamebadili mashati harakaharaka, kisha watu ambao nadhani walikuwa wamevaa tangu asubuhi wakichungulia dirishani. "Slava njema, mwenye nyumba!" Kila mmoja kijiko cha ngano, kila mmoja glasi. Vitomir amesimama, anamimina, anagawa, uso umemwiva, hajui amwangalie nani. Upande wa Ognjen wakakaa watu, sahani zikaliwa.

Ikawa kelele nzuri ya nyumba yenye watu. Ndipo Miloje, mdomo umejaa, akauliza kwa sauti, "Na mrithi yuko wapi? Tuliambiwa Ognjen anakuja!"

Meza nzima ikamgeukia Vitomir.

"Kazi," akasema Vitomir. Alikuwa anammiminia mtu rakia. "Lakini hanisahau. Kila mwezi ananitumia vidonge vyangu. Anachagua mwenyewe, vya baridi, vya kiangazi. Mtoto yuko mbali kule, anawaza mifupa yangu."

Miloje akanigeukia na kunikonyeza, kwa sababu kila mtu anajua mimi ndiye ninayepokea boksi, na kila mtu anajua mdomo wangu. "Eti, Stojanka? Ni kweli?"

Vitomir hakunitazama. Aliendelea kumimina, na glasi ilikuwa imeshajaa, rakia inatiririka kwenye kitambaa cha meza.

"Kila mwezi," nikasema. "Hajakosa hata mmoja. Mungu awajalie na nyinyi mtoto kama huyo."